Dakika Arobaini na Moja

Mgeni alipiga hodi Jumapili saa nne asubuhi, Shangazi akiwa juu ya kigoda anafuta vumbi kwenye cheti. Cheti chenyewe kilikuwa na wiki tatu tu ukutani, wala hakijapata vumbi la maana, lakini Shangazi alipenda kukifuta kwa sababu kilimpa nafasi ya kukisoma tena kwa sauti.

"Karibu, karibu ndani," Baba aliitikia kabla hata hajajua ni nani. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, na tangu aache barabara alikuwa na njaa ya watu wa kuzungumza nao.

Aliyeingia alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, shati lake limepigwa pasi kwa uangalifu ila kola imelika. Alivua viatu akavipanga sambamba mlangoni. Vidole vyake vilikuwa na ule weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni yoyote, na saa aliyovaa ilikuwa kubwa kuliko mkono wake.

"Namtafuta binti anayeitwa Zambarau," alisema. "Mlinzi wa kiwandani ndiye aliyenielekeza."

Shangazi alishuka kigodani. Alimtazama mgeni, akamtazama Zambarau aliyekuwa anatoka jikoni na birika, akatabasamu kwa pembe moja ya mdomo. "Kama ni posa, baba, umechelewa kuja na umewahi kuzaliwa."

"Si posa, dada. Ni swali tu."

Zambarau halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alilipata kiwandani, kwenye meza ya ukaguzi. Wakaguzi walikuwa sita, na kila mmoja akishakaza skrubu huweka juu yake tone la rangi ya kucha, nusu juu ya skrubu, nusu juu ya plastiki. Skrubu ikilegea hata kidogo, tone linapasuka na kila mtu anaona. Kila mkaguzi alikuwa na rangi yake, ili kasoro ikitokea ijulikane ni mkono wa nani. Ya kwake ilikuwa zambarau. Jina likamganda, hata Shangazi akalichukua nyumbani.

Baba alimketisha mgeni chini ya cheti kabisa, na hakumpa nafasi ya kuuliza swali lake. Zambarau alijua kinachokuja. Alikuwa amekwisha kukisikia kikisimuliwa kwa majirani wawili na kwa fundi wa maji.

"Unakiona hicho cheti cha kiwanda?" Baba alisema. "Ndege zao zile zisizo na rubani zilikuwa zinakaa hewani dakika ishirini na tano, basi, betri chali. Huyu hapa akakaa na penseli yake siku mbili. Akazifikisha arobaini na moja. Wahandisi wenye mvi walikuwepo, ndugu yangu, hawakuliona."

"Baba," Zambarau alisema.

"Acha niseme. Mtu akisifu cha wizi ndipo aambiwe anyamaze."

Mgeni alikishusha kikombe cha chai. Hakukiweka mezani, alikishikilia magotini kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeota moto.

"Arobaini na moja," alisema.

"Arobaini na moja," Baba alirudia, akidhani anasifiwa.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nne, si ndiyo mwanangu?"

Zambarau alisema ndiyo, mwanzoni mwa mwezi wa nne. Birika alikuwa bado amelishika.

Mgeni alitoa leso mfukoni, akaifungua juu ya meza, kunjo baada ya kunjo. Ndani kulikuwa na kipande cha plastiki nyeusi, urefu wa kidole, kimeyeyuka upande mmoja. Upande uliosalia mzima ulikuwa na alama ya suke la nafaka, ile ile iliyochorwa kwenye geti la kiwanda. Na kulikuwa na skrubu moja, na juu yake tone la zambarau, zima, halijapasuka.

Wazo la kwanza lililomjia Zambarau ndilo ambalo baadaye alilionea haya kuliko yote. Aliwaza: skrubu imekaa vizuri.

"Mimi ni fundi baiskeli," mgeni alisema. "Getini niliulizia mwenye rangi hii, nikapewa jina lako. Natoka ng'ambo ya milima. Sasa tunakaa pale shule na wakimbizi wenzetu, darasa la tatu, mimi na binti yangu."

Alisimulia bila kupandisha sauti. Askari wa upande wa pili walipoingia kijijini kwao na kukaa, ndege ndogo za upande wa huku zilianza kuja kuwatafuta. Wanakijiji waliziita wazururaji, kwa sababu haziji na kuondoka. Zinafika, zinazunguka, zinazunguka, zinachagua. Zikishapata cha kuangukia, zinakiangukia na kulipuka. Zikikosa, betri inaisha, zinaanguka porini. Watu walichimba mashimo nyuma ya nyumba, na polepole wakajifunza kuhesabu. Dakika ishirini na tano, kila mara. Kwa kuwa saa ya fundi ilikuwa haikimbii wala haichelewi, kazi ya kuhesabu ikawa yake. Mlio ukianza, anatazama saa. Zikitimia ishirini na tano anaongeza tano za usalama, ndipo anaita: tokeni. Watu wanatoka, wanateka maji, wanapika.

"Nimewatoa watu mara kumi na tisa," alisema. "Mara ya ishirini ilikuwa mwezi wa tano. Mlio ulikuwa umefifia. Nikatazama saa, thelathini na moja. Nikaita. Mke wangu alitangulia, kwa sababu mama yangu alikuwa ndani na hakuwa na maji."

Hakumalizia, na hakuna aliyemhitaji amalizie.

"Binti yangu ana miaka kumi na tisa. Hajanisemesha tangu siku hiyo. Anaamini nilikosea kuhesabu. Na mimi nimeanza kuamini. Nimeipeleka saa hii kwa mafundi saa wawili, wote wanasema nzima. Basi nikawaza, labda ni macho yangu." Alikigusa kipande cha plastiki kwa ncha ya kidole. "Swali langu lilikuwa hilo tu. Zinakaa hewani dakika ngapi. Mzee amekwisha kunijibu."

Baba alikuwa ameinuka nusu. "Ndugu yangu, pole sana, tena sana. Lakini kuna makosa hapa. Ndege za huyu ni za kunyunyizia dawa mashambani. Mwambie, mwanangu."

Zambarau alitazama suke la nafaka juu ya plastiki. Ni kweli, kiwanda kilianza na mashamba. Alipoajiriwa, mwaka mmoja na nusu uliopita, chuo kikiwa bado kinamnukia kwenye nguo, ndege zilikuwa na matangi ya dawa. Kisha matangi yakaacha kuja. Mahali pake pakawa na nafasi tupu iliyofunikwa, na siku ya majaribio iliwekwa mfuko wa mchanga wa uzito fulani. Ulipouliza ni nini kitakaa pale, ulijibiwa: mzigo wa mteja. Wote sita walijitia hamnazo. Walikunywa chai, walitaniana, walipaka rangi ya kucha.

"Mwambie hukujua," Baba alisema, polepole zaidi.

Angeweza kusema. Fundi baiskeli mwenyewe alikuwa ameinamisha uso, kama mtu anayempisha mwenzake apite.

"Nilijua, Baba," Zambarau alisema.

Shangazi aliketi juu ya kigoda chake.

"Ndege zilikuwa na miguu minne ya kutulia," Zambarau aliendelea. Sauti yake ilimfikia kana kwamba inatoka chumba cha pili. "Mimi ndiye niliyesema iondolewe. Uzito wa miguu ukiondoka, betri kubwa zaidi inaingia. Msimamizi akaniuliza, sasa zitatuaje? Nikamwambia hazihitaji kutua." Aliliweka birika chini. "Tulinyamaza kidogo, mimi na yeye. Halafu akacheka, akaandika. Asiyejua hawezi kusema vile, Baba."

Kutoka pale walipokuwa, mlango wa jikoni ukiwa wazi, Baba na Shangazi walikuwa wanatazama kitu kimoja. Juu ya jiko ilining'inia miguu miwili ya ndege, iliyopinda kama kulabu, nyeusi, mepesi. Iliyobaki kiwandani ilikuwa imejaa stoo, na wafanyakazi waliruhusiwa kuichukua. Shangazi alitundikia miiko.

Baba alitoka nje bila kuvaa viatu.

Fundi baiskeli alikunja leso yake. "Sikuja kukushtaki," alisema. "Ningekuja na watu. Ila neno langu mimi kwa binti yangu halina uzito tena. Jumatano saa tisa yupo pale darasani. Ukija ukamwambia namba, namba tu, hata jina lako si lazima, nitashukuru."

"Nitakuja," Zambarau alisema.

"Usiniahidi kwa sababu nimekaa mbele yako."

"Nitakuja Jumatano saa tisa."

Mgeni aliitazama saa yake, kana kwamba anaipatia habari, akavaa viatu vyake.

*

Msimamizi waliyemwita Rula, kwa mgongo wake usiopinda na kwa tabia yake ya kupima kila kitu, alimwita ofisini Jumatatu kabla hajavaa koti la kazi. Alikuwa na uso wa sikukuu.

"Keti, Zambarau. Jumatano tunapata wageni, wanunuzi wapya. Wewe ndiye utakayewaonyesha. Na wakiondoka, meza yote ya ukaguzi inakuwa chini yako."

Wiki moja nyuma angeruka. Sasa alijikuta anatazama ukucha wa Rula, uliokatwa sawasawa kabisa.

"Wanakuja saa ngapi?"

"Saa nane mpaka kumi na moja."

"Bosi, Jumatano saa tisa naomba ruhusa. Saa moja tu."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Nani amekufa?"

Lilikuwa swali la kawaida la ofisini, lile la kujaza fomu. Zambarau aliendelea kuutazama ukucha ule muda mrefu mno, mpaka Rula akaweka kalamu chini.

"Mlinzi ameniambia kuna mtu alikuja kuulizia," alisema. Uso wa sikukuu ulikuwa umekwisha kuvuliwa. "Mtu wa pale shule. Mlinzi alidhani ni mjomba wako, pumbavu yule. Sikiliza, binti. Unakumbuka karatasi mliyotia sahihi? Muda wa kuruka, uzito, masafa, havitoki nje ya geti. Haviendi kwa mama yako, haviendi kwa mchumba."

Zambarau alimfikiria Baba akimsimulia fundi wa maji. Alikaribia kucheka.

"Alikuwa na mke," alisema.

"Wote wana wake." Rula alisema hivyo bila ukali, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa mtu mwema kwa namna zake. Alimpeleka mkaguzi wa rangi nyekundu hospitali kwa gari lake mwenyewe alipoangukiwa na sanduku. "Tuseme unakwenda. Unamsaidia nani? Mke hafufuki. Wewe unapoteza kazi, unaweza kushtakiwa, na Jumatano ijayo mwingine anakaa kwenye kiti chako na rangi yake. Kijani, labda. Kijani hatuna."

"Namba tu, bosi. Anataka namba."

"Namba ndiyo bidhaa yetu." Alichukua kalamu yake tena. "Ukitoka getini Jumatano wageni wakiwa ndani, acha kitambulisho kwa mlinzi. Usinilazimishe kukifuata."

Jumatatu na Jumanne Zambarau alifanya kazi kama kawaida, na ndilo jambo ambalo hakuweza kumwambia mtu. Alikaza skrubu, akaweka matone. Kila tone lilimuuliza swali na kila tone akaliacha likauke. Nyumbani Baba alikula kwa kuchelewa ili asikae naye mezani. Cheti kilibaki ukutani. Hakuna aliyethubutu kukigusa, hata kwa kitambaa cha vumbi.

Shangazi ndiye aliyesema, Jumanne jioni, wakiosha vyombo. "Ukimtuma mtu na karatasi yenye namba? Bila jina. Mimi naweza kuipeleka, nikajifanya nauza maandazi."

"Shangazi, hujawahi kupika andazi likaliwa."

"Ndiyo maana hakuna atakayeninunulia, nitarudi mapema."

Walicheka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu, kisha Zambarau akaanza kulia juu ya maji ya sabuni, na Shangazi akamwacha, akaendelea kusuuza.

"Yule binti hataamini karatasi," Zambarau alisema baadaye. "Hamwamini baba yake mzazi."

Shangazi alifuta mikono. Akatoa miiko mmoja mmoja, akailaza kwenye beseni, akaitungua ile miguu miwili ukutani. Aliishika mbali na mwili wake.

"Chukua mmoja," alisema. "Huu mwingine nautoa nje. Nimepikia chini yake miezi mitatu."

*

Jumatano saa nane na nusu wageni walikuwa wanne, suti nadhifu, vikombe vya kahawa mkononi. Zambarau aliwaonyesha meza ya ukaguzi. Mmoja wao, mwanamke mwenye miwani na sauti ya kirafiki, alipenda sana matone ya rangi.

"Yanavutia. Na hili la zambarau?"

"Langu."

"Na muda? Tumesikia umepiga hatua kubwa hapo."

Rula alikuwa nyuma yao, mgongo wima, anamtazama yeye tu. Saa ya ukutani ilionyesha tisa kasoro dakika kumi na mbili.

"Samahani," Zambarau alimwambia yule mwanamke. "Kuna mtu ninayepaswa kumjibu swali hilo kwanza."

Alivua koti la kazi, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Kichupa cha rangi ya kucha kilikuwa mfukoni mwake. Alikitoa nacho akakiacha mezani. Hakuna aliyemzuia. Wakaguzi watano waliinamia skrubu zao kwa bidii ambayo hajapata kuiona. Getini alimpa mlinzi kitambulisho, na mlinzi alikipokea kwa mikono miwili, kama amepewa mtoto.

"Mimi nilidhani ni mjomba wako," alisema. "Nisamehe, dada."

Nje ya geti, kando ya ukuta, Baba alikuwa amesimama, Shangazi amekwisha kumwambia saa. Alikuwa amevaa shati lake la safari, lile la enzi za lori. Hawakusalimiana. Alianza kutembea naye, hatua moja nyuma, na walipofika kona ya shule alisema, akitazama barabara:

"Miaka thelathini nimebeba mizigo ya watu. Sikuwahi kufunua turubai hata siku moja. Nilikuwa najisifu kwa hilo." Alikohoa. "Nenda. Nakungoja hapa."

Darasa la tatu lilikuwa limegawanywa kwa mablanketi yaliyoanikwa kwenye kamba. Madawati yalikuwa yamepangwa ukutani, na ubaoni bado kulikuwa na hesabu za kujumlisha ambazo hakuna aliyezifuta. Fundi baiskeli alisimama alipomwona. Saa yake ilionyesha saa tisa kamili, na aliitazama mara mbili, kwani hakutegemea kwamba angekuja.

Binti alikuwa ameketi sakafuni anashona chandarua kilichochanika. Hakuinua macho.

"Kuna mtu amekuja," fundi alisema. "Anafanya kazi pale zinapotengenezwa. Ana jambo moja tu la kusema, halafu anaondoka."

Sindano iliendelea kwenda. Zambarau alikuwa amejiandalia maneno njiani, ya pole, ya kuomba radhi, ya kueleza. Yote aliyaona ni ya kujifariji mwenyewe. Alipiga magoti, akautoa mguu wa plastiki mkobani, akauweka sakafuni mbele ya binti.

"Zamani zilikuwa na miguu hii minne," alisema, "na zilikaa hewani dakika ishirini na tano. Mwezi wa nne miguu iliondolewa, ikawekwa betri kubwa. Tangu hapo zinakaa arobaini na moja. Kijijini kwenu hakuna ambaye angeweza kujua."

Sindano ilisimama.

"Nani aliiondoa?" binti aliuliza.

"Si lazima," fundi alisema haraka. "Tulikubaliana namba tu."

"Mimi," Zambarau alisema.

Hapo ndipo binti alipomtazama. Macho yalikuwa makavu, na Zambarau alijilazimisha kutoyakwepa, ingawa alitamani sakafu impokee. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi. Ulipiga ukuta mara mbili, ukatulia. Binti aliuchukua mguu, akaupima mkononi, mwepesi vile, akauweka chini.

"Sema tena namba."

"Arobaini na moja."

Alirudi kwenye chandarua, akavuta uzi, lakini hakushona. Kisha alisema, bado ameinama, kwa sauti iliyokauka kwa kukaa muda mrefu bila kutumika upande ule:

"Na wewe, Baba. Ulituita dakika ya ngapi?"

Fundi baiskeli aliishika saa yake kwa mkono wa pili.

"Ya thelathini na moja," alisema. "Ishirini na tano, na tano za usalama, na moja ya kusikiliza."